Ankara ya wakili pasipo mkataba wa maandishi: haki na hatua za mwananchi

Mwananchi aliyepokea ankara ya wakili, ilhali hapakuwa na mkataba wa maandishi kuhusu ada, halazimiki kulipa kila kiasi kilichoandikwa humo. Hata hivyo, kukosekana kwa karatasi yenye saini hakumfutii deni. Sheria za Tanzania zimeweka utaratibu unaowezesha ankara hiyo kufikishwa mbele ya ofisa wa Mahakama anayetathmini gharama, naye hupima kipengele kimoja baada ya kingine kwa kuzingatia kazi iliyofanyika, viwango vilivyotangazwa na vithibitisho vilivyowasilishwa.

Utaratibu huo una muda wake. Mteja anayetaka ankara itathminiwe anatakiwa kupeleka maombi ndani ya mwezi mmoja tangu alipokabidhiwa ankara. Wengi huupoteza mwezi huo kwa kusubiri, kwa kubishana kwa simu au kwa kudhani kuwa ukimya utamaliza jambo.

Katika Kata ya Songambele, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe kabla ya Wilaya ya Kyerwa kuanzishwa mwaka 2012, suala hili lina uzito wa pekee. Familia nyingi za eneo hilo huishi kwa kahawa, ndizi na maharage, na kibanja ndicho chakula, fedha ya ada za shule na urithi wa watoto. Mgogoro wa mpaka au wa mirathi unapofika katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baadaye Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Bukoba, umbali wa zaidi ya kilomita 100 huwafanya wengi watafute wakili. Mapatano huwa ya mdomo, pengine kwa Kinyambo mbele ya ndugu wawili watatu, na malipo hutumwa kidogo kidogo kwa simu kila kahawa inapouzwa. Shauri likiisha, hesabu ya mteja na hesabu ya wakili huenda zisilingane.

Mapatano ya mdomo na uzito wake

Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yanayofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, ni mkataba. Sheria hiyo haikuweka sharti la jumla kwamba kila mkataba uwe wa maandishi. Wakili na mteja waliokubaliana kwa maneno kwamba kazi nzima italipwa Sh 1,500,000 wanaweza kufungwa na kiasi hicho, mradi makubaliano hayo yathibitike. Ugumu upo katika kuthibitisha.

Pale ambapo hapakuwa na kiasi chochote kilichotajwa, Kifungu cha 70 cha Sheria hiyo kinamtaka mtu aliyenufaika na kazi halali ya mwenzake, kazi ambayo haikukusudiwa kuwa ya bure, amlipe fidia mwenzake huyo. Kwa hiyo mteja aliyemtuma wakili kuandaa hati za madai na kumwakilisha barazani hawezi kusema hadaiwi kitu kwa kuwa hakusaini. Kwa upande wake, wakili hawezi kujipangia kiasi apendacho na kukifanya kuwa deni kwa kukiandika tu katika ankara.

Ukubwa wa ada unaongozwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, iliyochapishwa kwa Tangazo la Serikali Na. 264 la mwaka huo. Amri hiyo inahusu malipo ambayo mteja humlipa wakili wake, katika mashauri na katika kazi zisizo za mashauri, na pia gharama ambazo mhusika mmoja wa shauri huamriwa kumlipa mwenzake. Majedwali yake yanaonesha viwango kulingana na aina ya kazi na, kwa baadhi ya madai, thamani ya kinachobishaniwa.

Ofisa anayetathmini gharama ana mamlaka ya kukubali gharama zilizo za lazima au zinazostahili ili haki itendeke. Hapaswi kukubali gharama zilizotokana na malipo ya kupita kiasi, ubadhirifu, tahadhari iliyozidi, uzembe au makosa.

Misingi hiyo ina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Katika shauri la Premchand Raichand Ltd dhidi ya Quarry Services of East Africa Ltd la mwaka 1972, iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa gharama zisiachwe kupanda hadi milango ya mahakama ikabaki wazi kwa matajiri pekee. Ilieleza pia kuwa aliyeshinda arejeshewe gharama zake kwa haki, kwamba malipo ya mawakili yawe ya kuwavutia watu kuingia katika taaluma, na kwamba viwango vifanane kwa kadiri inavyowezekana. Shauri hilo lilihusu gharama baina ya wadaawa, lakini misingi yake imeendelea kurejewa katika mahakama za ukanda huu.

Gharama za aina mbili zisichanganywe

Hukumu inaposema kuwa aliyeshindwa alipe gharama za shauri, wateja wengi huelewa kwamba wao hawadaiwi tena na wakili wao. Hayo ni mambo mawili tofauti. Gharama za aina ya kwanza ni zile ambazo aliyeshindwa humrejeshea aliyeshinda. Mshindi huziomba kwa kuwasilisha hati ya gharama ndani ya siku 60 tangu amri ilipotolewa. Za aina ya pili ni ada ambayo mteja anadaiwa na wakili wake mwenyewe, na deni hilo lipo hata kama mteja ameshindwa shauri, au kama ameshinda na upande wa pili haujalipa.

Mteja aliyeshinda anastahili kumuuliza wakili swali moja la wazi: je, fedha zozote zimepokewa kutoka upande wa pili, na zimeingizwa wapi? Fedha za mteja hutakiwa kutunzwa mbali na fedha za wakili. Kiasi kilichopokewa kwa niaba ya mteja kinapaswa kuonekana katika hesabu.

Hatua ya kwanza: kuomba mchanganuo

Ankara yenye mstari mmoja, kwa mfano “ada ya kesi, Sh 3,000,000”, haimwezeshi mteja kujua analipia nini. Mteja aandike barua fupi akiomba mchanganuo unaotaja tarehe, kazi iliyofanyika, kiasi cha kila kazi, gharama zilizolipwa kwa niaba yake na fedha alizokwisha kulipa. Barua iwe na tarehe, ipelekwe kwa njia inayoacha alama, na nakala ibaki nyumbani. Kuomba mchanganuo hakusimamishi siku kuhesabika, kwa hiyo mteja asingoje jibu hadi mwezi upite.

Barua isiandikwe kwa hasira. Sentensi kama “sidaiwi hata senti” yaweza kumgeukia mwandishi iwapo kazi ilifanyika kweli. Ni bora kusema kuwa mteja anatambua kazi iliyofanyika, hakubaliani na kiasi, na yuko tayari kulipa kile kitakachothibitika. Kama kuna sehemu isiyobishaniwa, mteja anaweza kuilipa na kuomba risiti ya kielektroniki, huku akieleza kwa maandishi kuwa malipo hayo hayana maana ya kukubali salio.

Hatua ya pili: kukusanya vithibitisho

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inamtaka anayedai kuwapo kwa jambo fulani alithibitishe. Wakili anayedai kutumwa kazi athibitishe kuwa alitumwa na kuwa aliifanya. Mteja anayedai kuwa kiasi kilikwisha kukubaliwa, au kwamba amelipa, naye ana wajibu wa kuonesha hivyo.

Vithibitisho vya mwananchi wa kijijini viko karibu kuliko anavyodhani. Ujumbe wa muamala wa simu huonesha kiasi, tarehe na jina la mpokeaji. Ujumbe mfupi wa maandishi wenye maneno kama “nimepokea, bado laki tatu” unaweza kuonesha makubaliano yalikuwaje. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua taarifa za kielektroniki kuwa ushahidi, mradi uhalisia wake uweze kuoneshwa. Mteja asifute ujumbe huo, na akibadili simu au laini ahakikishe kumbukumbu zimehifadhiwa. Kampuni ya simu inaweza kuombwa taarifa ya miamala ya mteja mwenyewe.

Ndugu waliokuwapo wakati wa mapatano ni mashahidi. Waandike mapema wanachokumbuka: siku, mahali, kiasi kilichotajwa na kazi iliyoahidiwa. Kumbukumbu ya shauri lenyewe ni ushahidi pia, kwani mwenendo wa baraza au mahakama huonesha nani alihudhuria siku gani na shauri liliahirishwa kwa sababu ipi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo unahusu madeni kama unavyohusu mali.

Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, na umewekwa ili kuonesha jinsi ankara inavyosomwa. Mkulima ameletewa ankara ya Sh 3,000,000. Ndani yake kuna ada ya kazi Sh 1,800,000. Safari nne kwa Sh 150,000 kila moja, jumla Sh 600,000. Uchapaji na nakala Sh 200,000. Ada za mahakama Sh 100,000. Na “mengineyo” Sh 300,000. Mkulima ana ujumbe wa miamala unaoonesha kuwa amekwisha kulipa Sh 900,000, kiasi ambacho ankara imekisahau.

Akikagua mwenendo wa shauri, mkulima anakuta wakili alihudhuria siku mbili kati ya nne zilizodaiwa. Kipengele cha “mengineyo” hakina maelezo wala risiti. Iwapo ofisa atakata safari mbili na kipengele hicho, Sh 600,000 zitaondolewa na ankara itabaki Sh 2,400,000. Zikitolewa Sh 900,000 zilizolipwa, salio ni Sh 1,500,000. Bila kupinga, mkulima angedaiwa Sh 3,000,000 zote.

Ukataji huo una matokeo mengine. Amri ya mwaka 2015 inasema kuwa iwapo zaidi ya moja ya sita ya hati ya gharama, bila kuhesabu ada za mahakama, imekataliwa, aliyeiwasilisha hastahili kulipwa gharama za utathmini. Katika mfano huu, moja ya sita ya Sh 2,900,000 ni takriban Sh 483,333. Kiasi kilichokatwa kimeivuka, kwa hiyo wakili aliyewasilisha hati hiyo hawezi kumtwika mkulima gharama za utathmini.

Kuhusu fedha zilizotumika kwa niaba ya mteja, ofisa anaweza kutaka risiti au hati za malipo zioneshwe. Mteja ana sababu ya kuuliza mapema risiti hizo ziko wapi.

Hatua ya tatu: kwenda mahakamani

Wakili haruhusiwi kufungua shauri la kudai ada mara tu anapotoa ankara. Sheria ya Mawakili inataka mwezi mmoja upite tangu ankara ilipokabidhiwa kwa mteja. Katika mwezi huo mteja anaweza kuomba Mahakama Kuu iamuru ankara itathminiwe, na hatakiwi kuweka kwanza fedha mahakamani ndipo asikilizwe. Amri ikitolewa, shauri la kudai ada husubiri utathmini ukamilike. Mteja aliyechelewa hajafungiwa mlango kabisa, ila mahakama inaweza kumwekea masharti, na kadiri muda unavyopita ndivyo nafasi inavyozidi kuwa finyu.

Kwa wakazi wa Karagwe na Kyerwa, masjala inayohusika ni ya Mahakama Kuu mjini Bukoba. Siku ya utathmini, Msajili au Naibu Msajili husikiliza pande zote mbili. Mteja aende na ankara, mchanganuo, uthibitisho wa malipo na orodha ya vipengele anavyovipinga, kila kimoja kikiwa na sababu. Kusema kwamba bei ni kubwa hakutoshi. Aseme, kwa mfano, kuwa siku fulani wakili hakuhudhuria, kuwa hati fulani haikuwahi kuwasilishwa, au kuwa thamani ya eneo iliyotumika kukokotoa ada haipatikani popote katika hati za shauri.

Hoja ya thamani imewahi kuamuliwa nchini Kenya. Katika shauri la Joreth Ltd dhidi ya Kigano & Associates la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilieleza kuwa thamani ya kinachobishaniwa, kwa ajili ya kukokotoa ada, hutazamwa katika hati za madai, hukumu au makubaliano ya kumaliza shauri. Isipopatikana humo, ofisa hutumia busara yake akizingatia aina na umuhimu wa shauri. Maamuzi ya Kenya hayazifungi mahakama za Tanzania, ila huweza kutolewa kama hoja ya kushawishi.

Asiyeridhika na uamuzi wa ofisa, awe mteja au wakili, anaweza kupeleka marejeo kwa Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21 tangu uamuzi ulipotolewa. Marejeo hayo hufanywa kwa maombi ya chemba yanayoambatana na kiapo.

Ikumbukwe pia kuwa dai litokanalo na mkataba kwa kawaida lina ukomo wa miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Wakili aliyenyamaza mwaka mmoja au miwili hajapoteza haki yake, na mteja asitupe nyaraka kwa kudhani kuwa jambo limesahaulika.

Kibanja hakiwi malipo ya wakili

Hatari kubwa kwa familia ya kijijini hutokea pale mdaiwa anapoambiwa atoe sehemu ya eneo linalobishaniwa ili kufidia ada. Sheria ya Mawakili haitoi uhalali kwa wakili kununua maslahi ya mteja wake katika shauri analoliendesha. Zaidi ya hapo, kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka masharti ya kuhamisha haki miliki ya kimila, ikiwamo idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mtu asisaini hati yoyote ya kuhamisha kibanja kwa sababu ya ankara ambayo haijatathminiwa.

Mteja aombe pia, kwa maandishi, orodha ya nyaraka zake zilizo ofisini kwa wakili, hasa hati za ardhi, nakala za hukumu na barua za usimamizi wa mirathi. Kama anahitaji nakala ya hukumu ili akate rufaa, anaweza kuiomba moja kwa moja mahakamani au barazani badala ya kungoja mgogoro wa ada uishe huku siku za rufaa zikipita.

Kuthibitisha kama ni wakili kweli

Kabla ya kubishania kiasi, mwananchi ahakikishe kuwa anayemdai ni wakili aliyesajiliwa na mwenye leseni hai ya mwaka ambao kazi ilifanyika. Rejista ya mawakili hutunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na Mahakama ya Tanzania imeweka mfumo wa kielektroniki wa e-Wakili unaomwezesha mtu kutafuta jina la wakili. Kufanya kazi ya uwakili bila sifa ni kosa, na wanaojulikana kama mawakili vishoka hawana haki ya kudai ada ya uwakili mahakamani. Hati za kisheria zinazoandaliwa kwa malipo hutakiwa kuonesha jina na anwani ya aliyeziandaa. Hati isiyo na jina hilo ni dalili ya kutiliwa shaka.

Malalamiko ya kimaadili

Tofauti ya kiasi peke yake hupelekwa kwa ofisa wa tathmini. Kuficha fedha za mteja, kudanganya kuwa shauri limefunguliwa, au kutoza ada kwa kazi isiyofanyika ni masuala ya maadili. Hayo huwasilishwa kwa Kamati ya Mawakili iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, kwa kuzingatia Kanuni za Maadili ya Mawakili zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 118 la mwaka 2018. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha au kuamuru aondolewe katika rejista. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho hupokea malalamiko dhidi ya wanachama wake.

Kumshtaki wakili kwenye Kamati hakuondoi deni halali, wala hakusimamishi mwezi mmoja wa kuomba tathmini. Mwenye malalamiko ya aina zote mbili afuate njia zote mbili, kila moja kwa wakati wake.

Msaada usio na malipo

Asiye na uwezo anaweza kutafuta huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kumwelekeza, kumsaidia kupanga nyaraka na kumwonesha ofisi inayohusika, ingawa kazi yao haijumuishi kumwakilisha mtu mahakamani kama wakili. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 na kuratibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria, imepeleka huduma za aina hiyo katika kata na vijiji.

Kwa anayekaribia kumpa wakili kazi, ukurasa mmoja wa maandishi unatosha: kazi itakayofanywa, hatua ambayo ada itaishia, kiasi, namna ya kulipa, nani analipia safari, na kama rufaa imo au haimo. Uandikwe kwa Kiswahili, usainiwe na pande zote mbili, na kila malipo yapewe risiti ya EFD. Aliyekwisha kupokea ankara bila ukurasa huo aandike leo tarehe aliyokabidhiwa, kwani ndipo mwezi wake unapoanza kuhesabiwa.